Kengele Sitini za Tinker Bank

Jumatatu, 15 Aprili

"Kona ya kaskazini ya Tinker Bank si msitu wa kale. Ni magugu yaliyoota baada ya vita." Ameandika Desmond Ackroyd, mwenyekiti wa klabu ya mchezo wa tufe iliyo jirani, katika jarida la mtaa. Uongo mtupu! Ramani ya mwaka 1594 inauonyesha msitu mzima, isipokuwa kona hiyo, iliyoliwa na panya. Ackroyd anaitaka iwe maegesho ya magari kumi na mawili. Miti ya karne nne ife ili wastaafu wasitembee hatua mia!

Mtaalamu wa mimea anakuja Jumamosi kuamua; kona ikiwa ya kale, haiguswi. Kila mtu Sheffield anajua maua ya kengele za buluu hupenda misitu ya kale. Kona haina hata moja. Bado.

Jumanne, 16 Aprili

Nimenunua miche sitini ya kengele za buluu, imeshachanua. Muuzaji kaapa haifi hata ikikojolewa na mbwa. Mke wangu Glenys akauliza itakaa wapi katika bustani yetu ya hatua tatu. Nikajibu kwamba ni siri ya kisiasa. Akasema siri yangu iliyopita ilizimwa na zimamoto.

Jumatano, 17 Aprili

Saa kumi na mbili asubuhi, konani. Nimeng'oa zulia zima la magugu yenye maua madogo meupe, ndoo nne, nikapanda kengele zangu. Mgongo hoi. Lakini buluu ile! Magugu nimeyamwaga kwenye lundo la mboji nyumbani.

Alhamisi, 18 Aprili

Chai kwa Winifred Oldroyd, kiongozi wetu wa wajitoleaji wa msitu, miaka sabini na tisa. Mguu unamuuma, hajafika msituni wiki nzima. Anasema ana kitu kimoja tu cha kumwonyesha mtaalamu, na kikikosekana kona imekwenda. Hakusema ni nini. Nilitabasamu kama mtu ajuaye zaidi. Masikini, hajui kwamba nimeshamwokoa.

Jumamosi, 20 Aprili

Aibu. Dakta Ottoline Speight, yule mtaalamu wa mimea, akainama, akanusa kengele zangu. Hazina harufu. Shina limesimama wima kama askari, wakati kengele za kwetu huinamisha kichwa upande mmoja. Za Kihispania, akasema, za bustanini, na za wiki hii. Mche mmoja ulikuwa bado na kibandiko cha bei! Ackroyd alicheka hadi akashikilia mti. "Rowland, mzee! Msitu wa kale kweli, wa tangu Jumatano!"

Kisha Winifred akauliza, kwa sauti ndogo, ziko wapi anemone zake. Maua madogo meupe. Yeye na marehemu mumewe walizipima kwa kamba kila Aprili tangu 1971. Husogea pima moja, kama hatua mbili, kwa karne, haziharakishwi na mtu. Zulia zima ni kazi ya karne nyingi; ndilo lililokuwa ushahidi.

Nilikimbia nyumbani. Nikarudi na toroli, ndoo nne, jasho, machozi kidogo (vumbi). Zilikuwa hai. Winifred hakunigombeza. Alipiga magoti kwa shida, akaniambia nishike mizizi kama ninavyoshika kifaranga. Tulipanda pamoja hadi saa saba. Afadhali angenipiga kwa jembe.

Dakta Speight alikuta kipande cha anemone ambacho sikukiona, akasoma daftari la vipimo la Winifred, akasema ataandika kwamba kona ni ya kale, ingawa imevurugwa na mpumbavu mmoja. Winifred akamwomba aandike "mjitoleaji mmoja". Nilijisafisha pua kwa muda mrefu.

Jumapili, 21 Aprili

Ackroyd anapinga! Anadai ripoti inategemea kipande kisichozidi ukubwa wa kitanda. Na ni kosa la nani? Lake, kwa kupinga. Usiku kucha nimewaza. Sheria inakataza kabisa kugusa makao ya mjusi-maji mwenye kishungi, kiumbe adimu wa madimbwini, na konani pana dimbwi zuri ambalo halina mpangaji. Nimebandika tangazo kwenye kila lango la mtaa wetu, Mtaa wa Furnace:

"Ninyi mlio na madimbwi bustanini! Mmekaa na kunywa chai huku msitu ukigeuzwa lami. Basi! Kila nyumba ilete mijusi-maji wawili, dume na jike, wenye kishungi, katika ndoo yenye kifuniko. Lango la kaskazini, Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi. Na yeyote atakayemwambia Winifred atajibu kwangu!"