Kamati ya Meno na Malkia wa Dhahabu

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Aleksandria: kuanzia leo ni marufuku kuing'ata sarafu ya dhahabu yenye sura ya Malkia wetu, aliyefariki na kupandishwa cheo kuwa mungu. Atakayemng'ata Malkia atang'olewa jino lililohusika.

Tangazo hilo nililiandika mimi, katibu wa Kamati ya Meno, na bado naliona zuri. Wachuuzi wetu wabishi: ukiwapa dhahabu wanaitia mdomoni kwanza, ndipo wanakuamini. Miaka yote hiyo mungu alikuwa akisagwa na magego ya wauza vitunguu, na serikali imekaa tu.

Mshtakiwa wa kwanza alikuwa Melita, muuza samaki mwenye meno manne. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Zopiro, alimpa sarafu kwa vikapu vitatu vya perege wa sikukuu ya Malkia. Melita akaing'ata papo hapo, mbele ya mashahidi na paka.

"Unakiri?" Zopiro akauliza barazani. Koleo lilikuwa tayari mezani.

"Nakiri kung'ata, mheshimiwa. Kumng'ata mungu, hapana. Hiyo yako ni madini ya risasi yaliyopakwa dhahabu. Jino lilizama kama kwenye jibini."

"Mwongo! Ni dhahabu tupu!"

"Basi thibitisha, baba. Nimebakiwa na meno manne, na dengu hazijitafuni."

Nikapekua kanuni zote. Njia ya kuthibitisha ilikuwa moja tu: kuing'ata. Ikiwa ni dhahabu, mthibitishaji atakuwa amemng'ata mungu, na koleo linamhusu. Ikiwa ni risasi, Mwenyekiti kanunua samaki kwa mungu bandia, na adhabu ya hilo ni kukatwa shingo. Nilimsomea hayo kwa sauti, kwa faida ya umma. Kumbe hakutaka umma ufaidike.

"Ing'ate, mzee!" umati ukapiga kelele. "Au meno yenyewe ya kuazima?"

Zopiro akaitazama sarafu, akalitazama koleo, akaimeza.

Kamati ikakaa kikao cha dharura. Kwa kuwa mungu sasa alikuwa ndani ya Mwenyekiti, tuliagiza madhabahu ya mchanga ijengwe mlangoni pake, kama sikukuu inavyotaka, na sadaka yoyote ipokelewe isipokuwa mbuzi. Melita akaja na sufuria ya dengu.

"Kula, baba, kula," akamwambia. "Mgeni asikae sana."

Alimlisha kwa mkono wake mwenyewe, kijiko baada ya kijiko, na nakiri kwamba nilimpenda sana mama yule.

Siku ya tatu, asubuhi, mungu alitoka. Umati ulisimama kwa heshima, kisha ukarudi nyuma kidogo.

Kamati ikapitisha kwa kauli moja: marufuku ya kung'ata imefutwa, koleo lirudishwe kwa mganga, na uhakiki wa sarafu ufanywe mara moja na aliyeitoa. Kuiosha hakuruhusiwi, kwani kunaharibu ushahidi.

Melita akamsogezea Mwenyekiti sarafu juu ya kigae.

"Haya, mheshimiwa," akasema, akicheka kwa meno yote manne. "Sasa ni ruhusa."