Samadi ya Msibani

Jumanne, 3 Juni
Nimeuza mtungi wa gesi. Sipikii tena kitu kilichochimbwa chini ya jangwa la watu, kikavuka bahari, kikachafua hewa, hali nina tangi la kugeuza samadi kuwa biogesi nyuma ya nyumba. Mnunuzi ni Bridget, muuza gesi wa Mamboleo. Kanicheka. Mzee Amolo, utarudi. Mke wangu Akello hakucheka. Jumapili ya tarehe kumi na tano akina mama wa kanisa wanakuja kwetu kwa chai. Amesema moto usipowaka, tangi linafukiwa na migomba inapandwa juu.

Alhamisi, 5 Juni
Fundi aliyejenga tangi alisema ndoo moja ya samadi kwa siku. Fundi hasomi, mimi nasoma. Nimetia ndoo sita za matumbo ya samaki kutoka soko la Otonglo. Jiko likakohoa, likanyamaza. Tangi linanuka uchachu. Fundi anasema limevimbiwa: lipumzike, kisha lipewe samadi mbichi kidogo kidogo. Nimemwita kibaraka wa makampuni ya mafuta.

Jumamosi, 7 Juni
Mazishi ya jirani yetu Absalom. Wakwe wakaleta mafahali watatu. Nikavaa suti, nikachukua ndoo, nikawafuata mafahali kwa heshima. Nilikuwa nimepata robo ndoo ya samadi wakati Atieno, msimamizi wa wapishi, aliponisimamisha mbele ya waombolezaji. Mzee, fahali bado anatembea na wewe umeshaleta chombo cha nyama? Nikaeleza habari za methani, gesi ya samadi. Mjane akacheka, mara ya kwanza wiki hii. Akello akaninyang'anya ndoo, akaniambia, Baba Byron, usilikaribie tena tangi.

Jumapili, 15 Juni
Akina mama ishirini. Bridget naye kaja, mtungi wangu umo kwenye tuktuk, tayari kuuzwa. Akello akawasha kiberiti. Moto! Wa buluu, mtulivu, bila masizi. Chai ikachemka. Akello akawaeleza kwamba wiki nzima amelilisha tangi samadi ya ng'ombe wa dada yake, kopo moja asubuhi, moja jioni. Wanane wanataka matangi. Bridget, baada ya chapati nne, anataka kuyauza.

Jumatatu, 16 Juni
Nimetafakari. Ni dhahiri matumbo ya samaki yalihitaji siku kumi tu. Sasa tangi limekomaa, linaweza kula chochote. Lori la gugumaji linafika saa nane kutoka ziwani. Akello yuko Obunga, anamwonyesha Bridget pa kuchimbia tangi la kwanza. Kifuniko cha tangi nimeshafungua.