Busu Lisilokuwa Langu

Jumatatu, 2 Julai 1951
Tumefika. Kijiji kidogo, mto mkubwa, mbu wengi. Filamu ni ya mapenzi: msukuma magogo, mtu wa kusafirisha miti kwa kuielea mtoni, anampenda binti wa shamba, baba hataki, watu wanalia, mwisho wanaoana. Mimi, Eevert Pulkkinen, ni Nyapara Mwovu. Tena. Mwongozaji wetu, Bwana Sarkola, anasema pua yangu ni ya mtu anayedhulumu yatima.

Msukuma magogo ni Olavi Kantele. Ana nywele. Hana kingine. Na ndiye atakayembusu Sylvi Rautalahti, anayeigiza binti wa shamba, ukingoni mwa mto Alhamisi, katika jua la jioni. Nimeamua: busu hilo nitalichukua mimi.

Tumepewa malazi shambani kwa mjane aitwaye Lempi. Mwanamke mpana, mtulivu. Aliuliza kama mimi ndiye yule mwovu. Nikakiri. Akaniongezea siagi.

Jumanne, 3 Julai
Nimegundua kwamba Olavi anaogopa maji. Msukuma magogo! Nikamnong'oneza Sarkola kuwa mimi nimezaliwa juu ya magogo, na kwamba kwa nyuma, nikivaa kofia, hakuna atakayenitofautisha na Olavi. Uongo mtupu. Nimezaliwa Turku, ghorofani, juu ya duka la vitambaa.

Sarkola akasema haya, panda tukuone. Nikapanda. Gogo likazunguka. Nikazunguka nalo, kisha likaendelea peke yake. Kofia ikaenda zake. Lempi ndiye aliyenivuta kwa reki ya majani.

Ubaya ni kwamba kamera ilikuwa inafanya kazi. Sarkola amependa sana. Ameamua Nyapara afe maji papo hapo. Katika mswada wa kwanza nilikuwa niishi hadi harusini, nile keki.

Lempi akanipeleka sauna, chumba chao cha mvuke, nikapate joto, kisha akanipa supu ya samaki.

"Ulikuwa unapiga kelele gani kule mtoni?" akauliza.

"Nilikuwa naigiza."

"Ulikuwa unamwita mama yako."

Supu ilikuwa nzuri.

Alhamisi, 5 Julai
Siku ya busu. Sijakata tamaa. Mfu ana nafasi ya kufikiri.

Mchana nimemwandalia Olavi sahani ya samaki wa chumvi na vitunguu vibichi, nikamwambia nyota wote wa Helsinki hula hivyo kulainisha sauti. Akala, akaomba tena. Hesabu yangu: Sylvi atakataa kumkaribia, Sarkola atatafuta mgongo mwingine, na mimi nitakuwa nyuma ya kichaka, nimevaa shati kama lake.

Sasa, Sylvi alikuwa hawezi kulia. Tangu Jumatatu Sarkola amembembeleza, amemfokea, amemsimulia habari za mbwa wake aliyekufa. Macho makavu kama sakafu. Leo Olavi akamkumbatia, akamwambia usoni pake, kwa pumzi yote, kwamba atampenda mpaka mto ukauke. Machozi yakamtiririka Sylvi kama mfereji. Akatetemeka. Akafumba macho. Akambusu kama mtu anayeaga dunia. Mama wa vipodozi alilia. Mpigapicha alilia. Sarkola akatangaza kuwa Ufini haijawahi kuona penzi kama hili, akampa Olavi mkono.

Sylvi akapita mbio kwenda kusukutua mdomo mtoni. Akaniona kichakani, akauliza ni nani aliyempa mnyama yule vitunguu. Nikasema sijui.

Nyuma yangu Lempi alikuwa amesimama na ndoo.

"Kaka, vitunguu vyangu vilitosha, au nikuchimbie vingine?"

Akacheka mpaka akakaa juu ya jiwe. Nilitaka kununa. Nikajikuta nacheka naye.

Jumamosi, 7 Julai
Wenzangu wameondoka asubuhi. Nami nilikuwa nafunga mzigo wangu taratibu, bila sababu. Lempi akaja mlangoni akikausha mikono kwa aproni. Akasema majani yako tayari kukatwa, paa la zizi linavuja, na mezani kuna nafasi tangu mumewe afariki.

"Ukitaka kubaki, baki," akasema. "Mimi nitafurahi."

Moyo ukanidunda kuliko siku ya gogo. Jibu lilikuwa ndiyo. Lakini penzi gani hilo, kati ya ndoo na jiko, bila hata kinanda? Miaka yote nimeona filamuni inavyokwenda: mmoja huondoka, mwingine humkimbilia. Nikaegemea mlango, nikamwambia kwa sauti nzito kwamba sanaa inaniita.

Akasema basi la Jumapili hupita jioni.

Jumapili, 8 Julai
Nilikaa kiti cha nyuma cha basi ili nimwone akinikimbilia. Nikafungua dirisha. Sura ya uchungu nilikuwa nimeshaiandaa. Lempi akanipungia mkono, kisha akageuka akaingia zizini.

Nikashuka kituo cha kanisani. Nikarudi kwa miguu kwenye mvua, sanduku mkononi, nikijiuliza nitasema nini kama mlango umefungwa.

Haukuwa umefungwa. Mezani palikuwa na vikombe viwili.

"Umesahau kitu?"

"Mwavuli."

"Hukuja na mwavuli."

"Ndiyo maana nimelowa."

Akanimiminia kahawa. Nikamuuliza, kwa upole, kwa nini hakukimbia.

"Nikimbie, ng'ombe wakamuliwe na nani?" Akanisogezea sahani ya maandazi. "Na wewe ungerudi tu. Usoni huna siri hata moja."

Nikamwambia ninabaki. Akasema anajua. Akanishika mkono juu ya meza, akauacha pale mpaka kahawa ikapoa.

Jumatatu, 9 Julai
Tumekata majani kutwa. Mabega yanauma. Lempi anasema nashika reki kama fidla. Tumekula viazi vipya na siagi, tumekaa kizingitini, sikutamani kuwa popote pengine.

Ila nimetafakari. Kosa la jana lilikuwa saa tu. Nani atakimbia wakati wa kukamua? Jumatano kuna basi la mchana, ng'ombe wakiwa malishoni. Barabara imenyooka, miti ya betula huku na huku, pazuri sana pa kukimbilia. Nimeshaondoa jiwe moja njiani, asije akajikwaa.