Vigingi Mbele ya Hoteli Yangu

Jumatatu, 4 Machi 1996
Barabara inapanuliwa. Kutoka hapa Litein mpaka Sotik, wanasema. Vizuri, maendeleo. Lakini kwa nini vigingi vyekundu vipigwe mbele ya hoteli yangu, kimoja karibu kiguse ngazi? Ng'ambo, kwenye hoteli ya Hezekiah, hakuna hata kijiti. Hezekiah! Mtu anayechemsha majani yale yale mara mbili! Alinipungia mkono kutoka mlangoni kwake akicheka.

Nimemwambia mke wangu Chepngeno kwamba tunabomolewa. Akauliza kama nimewauliza wapimaji. Nitamuulizaje mtu anayekuja kunibomolea? Hoteli hii niliijenga mwenyewe nilipoacha kazi kiwandani. Sina nyingine. Chakula hakipiti. Nimezunguka nyumba mpaka Chepngeno akasema nitachimba mtaro.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata njia! Hapa kwetu chai haing'olewi ovyo. Mpaka ofisa wa chai aje, aangalie, atoe ruhusa. Nani atathubutu kupitisha barabara juu ya chai? Nimekwenda shambani kwa mama, nikang'oa mistari miwili, nikaipanda mbele ya hoteli, ukuta hadi ukuta. Ile ya mama haihesabiki, ni ya nyumbani.

Jumatano, 6 Machi
Wateja hawaingii. Sikuacha njia. Wachuma chai walijaribu kupita na vikapu vyao, matawi yakawashika nguo, wakavuka kwa Hezekiah. Nimefungua mlango wa nyuma, lakini anayepitia huko anakutana na moshi wa jikoni kwanza. Mama amekuja na kuitambua chai yake. Sitaandika aliyosema. Na imeanza kunyauka.

Alhamisi, 7 Machi
Leo nimetumia heshima. Nimemwalika saveya, mkuu wa wapimaji, Bwana Owino, mtu mpole kutoka upande wa ziwa. Mgeni wa maana hapewi chai, anapewa mursik, maziwa yetu ya kuganda. Nikamtolea ile iliyokaa kwenye kibuyu muda mrefu, ya sherehe. Aliona maziwa yana rangi ya majivu, akauliza kama kuna kitu kimeanguka ndani. Nikamweleza ni makaa, tunaweka makusudi. Akanywa glasi nzima kwa adabu.

Halafu akaomba choo. Nilikuwa bado sijafikia habari ya vigingi, kwa hivyo nikamfuata, nikaanza kumbembeleza nikiwa nje. "Mzee," akasema kutoka ndani, "niache kwanza."

Ijumaa, 8 Machi
Mvua ya mawe! Alasiri, kama kawaida yetu, lakini leo ilipiga bati mpaka hatusikilizani. Wapimaji wote wakakimbilia gari lao, vioo vikajaa mvuke. Nikajifunika karai la mandazi kichwani, nikang'oa vigingi, nikavuka, nikavipigilia kwa Hezekiah karibu kabisa na ngazi zake. Abomolewe yeye! Kichwa kinavuma bado. Nimekula sahani mbili za ugali.

Jumamosi, 9 Machi
Mhandisi mkubwa alikuja kukagua. Watu tukakusanyika. Owino alivitazama vile vigingi kwa muda, akakuna kichwa, akamwambia mkubwa wake kwamba tumbo limemsumbua wiki hii, labda yeye mwenyewe alikosea upande. Nilikohoa ili nisicheke. Mhandisi akasema upande wowote ni sawa, akaweka alama kwenye ramani. Owino akampa Hezekiah mkono.

"Hongera mzee. Hapa ndio steji. Gari zote za Sotik na Kisii zitasimama hapa kwako."

Steji! Abiria asubuhi, abiria jioni, wote na njaa! Kubomolewa hakukuwepo kwenye ramani hata kidogo. Nimekaa chini katikati ya chai ya mama. Hezekiah amewapa watu wote chai ya bure, hata mimi. Nimekunywa. Ni tamu, na hilo ndilo limeniuma zaidi.

Chepngeno alisubiri mpaka tukafika nyumbani. "Ungeuliza, ungekufa?"

Jumatatu, 11 Machi
Jana sikusikia hata neno moja la mahubiri. Na leo asubuhi, vigingi vipya! Vyeupe, vinaanzia kando ya steji na kuteremka pembeni mwa ukuta wa Hezekiah. Kwake tena! Sasa wanamwongezea nini, soko? Pampu ya petroli? Hapana. Safari hii sitalala.

Mvua ilipoanza nikachukua karai. Sasa vyote viko kwangu, vinapita mbele ya mlango, vinazunguka mpaka jikoni. Vimependeza sana. Mhandisi alisimamisha gari jioni, akaviona, akachora kwenye ramani yake, akaondoka kwenda Nairobi. Imekwisha!

Chepngeno alikwenda kumuuliza Owino. Aibu gani hii! Amerudi akisema vyeupe ni vya mtaro, na kwamba maji yote ya mlimani, pamoja na ya barabara mpya, yatafuata vigingi hivyo. Nimemwambia hizo ni porojo za Hezekiah, amewalisha watu maneno ili niviondoe. Wivu tupu. Nimemwambia aanze kuosha vikombe, wateja wanakuja.

Yeye anapandisha magunia ya unga juu ya meza.