Kitambi cha Meneja

Tamimu alikuwa mezani kwenye mgahawa wa Bi Kuruthumu, Kasulu mjini, anakunywa chai ya tangawizi ambayo hakuwa na mpango wowote wa kuilipia, alipomwona yule farasi.

Mwaka huo wa 2013 Kasulu ilikuwa na farasi mmoja tu. Alifungwa mbele ya duka la Mzee Mansuri, ng'ambo ya barabara: dume la kahawia la miaka mitatu, ambalo tumbo lake lilifika kila mahali kabla ya miguu. Mzungu wa mradi wa nyuki alimwachia Mzee Mansuri alipofunga virago, na wenyeji, kwa kulitazama lile tumbo, wakampa jina la Meneja. Mzee alimlisha pumba, mashudu, uji wa mahindi na ndizi mbivu, na kila mteja aliyepita alimwachia kiazi. Huku Buha, nchi ya Waha, mnyama akionyesha mbavu, watu hawasemi ana njaa. Wanasema mwenyewe kafilisika, na Mzee Mansuri alikuwa na washindani wawili mtaa huohuo.

"Firdausi wa Kibondo, yule mpambaji wa maharusi, anatafuta farasi udi na uvumba," Bi Kuruthumu alikuwa anamwambia mteja wa meza ya pili. "Bwana harusi apande, apigwe picha. Milioni tatu mkononi. Lakini kaka yangu Mansuri hataki hata kusikia. Anampenda yule mnyama kuliko anavyonipenda mimi dada yake."

Tamimu akaweka kikombe chini taratibu.

Tumwonee huruma kidogo. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Buhigwe walikuwa wanamtafuta kwa habari ya mbegu bora za maharage, ambazo alizichemsha kwanza ili zing'ae. Gwarama hakupita hata kwenye basi bila kuvuta kofia usoni. Katika mkoa mzima ulikuwa umebaki mji huu tu ambao haujamfahamu, na alikuwa amechoka kukimbia. Kwa milioni tatu angefungua kibanda cha vipuri vya pikipiki Mwanza, akawa anaitwa mzee wa vipuri, akawa analala amevua viatu vyote viwili. Hakutaka kingine duniani.

Jioni hiyo, watu walipoingia msikitini kwa swala ya magharibi, akamfungua Meneja na kumvuta. Walifika mashine ya kusaga. Hapo Meneja akasimama, akahema, akamtazama Tamimu kwa masikitiko, akalala chini. Mashine ya kusaga ilikuwa nyumba ya sita kutoka dukani. Kibondo ni zaidi ya kilomita mia.

Akambembeleza mpaka akainuka, akamrudisha, akamfunga pale pale. Katika maisha yake yote Tamimu hakuwahi kurudisha kitu, na jambo lile lilimkera sana.

Kesho yake asubuhi alikuwa mbele ya duka, kanzu imepigwa pasi.

"Shikamoo, Mzee Mansuri."

"Marahaba. Nikupe nini?"

"Mimi ndiye wa kukupa. Naitwa Tamimu, mwalimu wa farasi. Nimefundisha Pangani miaka kumi na miwili. Huyu kijana wako, mzee wangu, anakufa."

Mzee Mansuri akavua miwani. "Anakufa? Mbona amenenepa?"

"Ndicho kinachomuua. Nipe miezi mitatu."

"Mshahara wako ni kiasi gani?"

"Nipe chakula na godoro. Mimi farasi ni mapenzi tu, pesa baadaye."

Mzee akavaa tena miwani, halafu akamwita dada yake aje amwone mtu mwenye moyo wa ajabu. Bi Kuruthumu akaja akifuta mikono kwenye khanga, akasema kweli, watu wa namna hii wamebaki wachache.

Sasa tatizo la mwalimu wetu lilikuwa dogo: hakujua farasi analiwa au anakula nini. Akaenda kwa Elieth, afisa mifugo kijana aliyehamishiwa huku kutoka Kilimanjaro, akamwambia anauliza kwa niaba ya rafiki.

"Mwambie rafiki yako pumba basi, ndizi basi," Elieth akasema bila kuinua kichwa. "Nyasi kavu, kwa kipimo, si kumwagiwa. Usimpande, mifupa yake haijakomaa na mwili ni mzito. Mtembeze. Wiki ya kwanza nusu saa, halafu ongeza pole pole. Shika kwato kila asubuhi. Zikiwa za moto, simama, niite. Na pitisha kiganja ubavuni. Siku ukizihesabu mbavu kwa vidole ila kwa macho huzioni, hapo amefika."

Tamimu akaanza kazi. Pumba aliyopewa kila siku aliibeba kwa siri na kuiuza sokoni, na kwa mara ya kwanza wizi wake ukawa tiba. Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa barabarani anavuta kamba. Meneja aligoma. Meneja alilala mbele ya benki. Meneja alikula kofia. Wanawake waliokuwa wanakwenda shamba walimwamkia kwa Kiha, "Mwakeye, mwalimu," wakauliza nani anamfundisha nani. Wapita njia waliotaka kumpa farasi viazi aliwafokea kama mama mkwe.

Wiki ya tano Meneja alipandisha kilima bila kusimama. Wiki ya nane akaanza kukimbia mwendo mdogo kandokando ya Tamimu, bila kamba kukaza, na akisikia kikohozi cha mwalimu wake tu analia. Tamimu alianza kulala usingizi mzuri, jambo lililomtia wasiwasi. Usiku mmoja wa baridi alijikuta amemfunika farasi blanketi lake mwenyewe. Akajiambia anailinda mali. Lakini ukweli ni kwamba alimpenda, na hakuwahi kupenda kitu alichokusudia kukiuza.

Wiki ya kumi na mbili alipitisha kiganja ubavuni, akahesabu mbavu zote. Ijumaa hiyo, wanaume wakiwa msikitini, yeye na Meneja wakaondoka mchana kweupe. Nani amshuku? Mji mzima ulishazoea kuwaona barabarani. Siku ya kwanza walilala Nyakitonto kwa mkulima mmoja aliyewakaribisha kwa heshima zote. Siku ya pili wakafika kwenye kizuizi cha mifugo barabarani.

"Kibali cha mifugo," mlinzi akasema.

Tamimu alikuwa na karatasi yake aliyoitengeneza stationari, yenye muhuri aliouchonga kwenye soli ya kandambili. Kabla hajaitoa, mlinzi alikuwa anasoma daftari.

"Farasi mmoja, dume, kahawia. Msindikizaji Tamimu. Ni wewe? Kibali chako kiko hapa tangu Jumatano, kimesainiwa na Bi Elieth."

Mtu mwingine angegeuka akakimbia. Tamimu akatabasamu, akajipangusa vumbi mabegani. Kumbe yule binti amekufa ameoza kwake, na yeye hakuona, kazi zilimzidi. Akatembea mpaka Kibondo akipiga mluzi, akipanga namna ya kumvunja moyo kwa upole.

Bi Firdausi alimpokea mlangoni, akamzunguka Meneja mara mbili, akapitisha kiganja ubavuni.

"Amekaa vizuri. Pole na safari, mwalimu. Chai iko mezani."

"Ahsante, dada. Tumalize kwanza zile milioni tatu."

"Nilishamlipa Mzee Mansuri mwezi wa nne, wewe hata Kasulu hujafika."

Tamimu akakaa chini bila kuonyeshwa kiti.

"Madereva wa fuso walikataa kumbeba Meneja," Bi Firdausi akaendelea, anamimina chai. "Wanasema akilala humo ndani nani atamwinua. Mwalimu wa kweli wa Arusha alitaka laki nne kwa mwezi na tiketi ya ndege. Ndipo Kuruthumu akakuona mgahawani kwake, akakutambua kwa ile habari ya maharage ya Buhigwe, akaitaja bei makusudi uisikie. Akasema mfanyakazi utamwamsha kila asubuhi, mwizi ataamka mwenyewe."

"Na ningemuuza njiani?"

"Kwa nani, kaka yangu? Farasi ni mmoja na mnunuzi ni mimi."

Tamimu akafikiria polisi. Akafikiria atakavyoanza maelezo yake pale kaunta. Akanywa chai.

Bi Firdausi akampa nauli ya basi, na hakumcheka, jambo lililouma zaidi. Tamimu akasimama. Meneja naye akanyoosha shingo, akamfuata mpaka kamba ikakaza, akalia. Machozi yakamtoka Tamimu mbele za watu, ya kweli kabisa, na hakujua ayafanyie nini.

"Akiwa na jasho msimpe maji mengi," akasema. "Na mguu wa kushoto wa nyuma hapendi kushikwa, mkohoe kwanza. Nyasi zipimeni. Bwana harusi mnene asipande mpaka mwakani..."

Aliongea karibu saa nzima. Bi Firdausi alivuta kiti, akachukua daftari, akaandika neno kwa neno, na pale asipoelewa alimwomba arudie, naye akarudia.

Alikuwa ameshakaa ndani ya basi, dirishani, ndipo akatambua kwamba hata mafunzo hayo ameyatoa bure.