Nilivyompeleka Halfani Mwezini

Jumatatu, 4 Novemba
Nimemaliza kitabu cha nne! Ng'ombe wa Mwezini. Nimekiandika chote kwa mkono wangu na kidole kimevimba. Mimi Silvano Ndahani, niliyeishia darasa la tatu, ndiye mwandishi pekee wa hadithi za kisayansi Nkuhungu nzima. Pengine Dodoma nzima. Wenye digrii wamejaa hapa mjini, lakini nani kati yao amefikisha ng'ombe mwezini? Hakuna!

Nimempelekea Angelina wa steshenari achape. Mwandiko wangu anaujua, ingawa akiusoma huwa anahema. Nikamwambia abandike na tangazo mlangoni: VITABU VYA MZEE SILVANO. YOTE ALIYOANDIKA YAMETIMIA. Si uongo. Niliandika simu isiyo na waya, ikaja. Niliandika serikali kuhamia Dodoma, ikahamia. Niliandika garimoshi lisilo na moshi, nalo likaja. Halfani, mwenye mashine ya kusaga, anadai hilo garimoshi nililiandika nguzo za umeme wa reli zikiwa zimeshasimama kule Zuzu. Wivu tu! Mrangi huyu ni rafiki yangu tangu ujana, lakini kuthamini kitabu hajui. Kile cha tatu nilimpa bure. Nimemkuta anafutia grisi!

Basi na yeye nimemweka kitabuni. Sura ya tatu.

Jumanne, 5 Novemba
Kimetoka. Sura ya tatu imependeza kupita kiasi. Mwaka huu huu, Ijumaa moja, mashine ya Halfani inachoka kusaga uwele. Inang'oka kwenye zege, inapasua bati, inaruka mwezini. Halfani kaning'inia kwenye mkanda wake. Hasikiki tena. Mwisho wa sura.

Mkewe, Mwanahawa, alimsomea pale pale mashineni. Halfani akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akasema afadhali mwezini, huko hakuna waandishi. Watu wote wakacheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 6 Novemba
Loo! Asubuhi mashine ya Halfani imekohoa, halafu ikaruka. Shibiri nzima! Nati za chini zilikuwa zimelegea, fundi yeyote angekwambia. Lakini Mwanahawa tangazo langu kalisoma. Kaizima mashine kwa mkono wake, kasema haiwashwi tena mpaka mwaka uishe. Halfani akabisha kidogo. Kisha akauliza leo ni siku gani.

Nakala zote zimekwisha kwa Angelina! Barabarani naitwa kwa jina. Mtu kanishikia baiskeli ili nifunge kamba ya kiatu. Umaarufu ndio huu.

Ijumaa, 8 Novemba
Ijumaa imefika, mashine haikuruka. Mwanahawa anasema haikuruka kwa sababu kaizima.

Umaarufu nao una njaa yake. Wanawake wa kwetu wanakwenda kusaga Miyuji, ndoo za uwele kichwani, njia nzima wananitaja. Si kwa wema. Nimepita karibu yao nikapewa shikamoo moja, kavu, waliyogawana wote.

Mchana Yudith, mke wangu, kaniwekea sahani ya uwele wa kuchemsha. Mzima mzima! Mlenda pembeni. Nikauliza ugali uko wapi.

"Uko mwezini, baba Denis. Subiri Halfani ashuke nao."

Nimetafuna. Meno yangu ni machache na hayakutani. Akaniambia nifute sura ya tatu. Nikamweleza kwa upole kwamba mwandishi wa sayansi hageuzi yajayo kwa sababu ya ugali. Akaondoa sahani.

Jumapili, 10 Novemba
Baada ya ibada nikapitia kwa Halfani nimfunge bao kama kawaida. Bao limeegeshwa ukutani. Yeye kakaa kwenye kiti, mashine kimya, magunia matupu. Hana unga hata kwenye kope. Miaka yote hii sijapata kumwona bila unga. Kumbe ni mzee!

Nikamtania kwamba safari ya mwezini haihitaji nauli. Akavua kofia, akaitazama. Baadaye akauliza taratibu, "Silvano, kule juu mimi nakufa, au nabaki tu?"

Nikamwambia hiyo ni siri ya mwandishi. Ukweli ni kwamba sikujua. Nilichoka tu, nikaandika mwisho wa sura.

Akasema nisimwelewe vibaya, anauliza kwa sababu kuna wajukuu Kondoa hajawaona tangu Idi.

Nimerudi nyumbani. Hata mlenda haukushuka.

Jumatatu, 11 Novemba
Nimeongeza sura! Simgeuzii mtu yajayo, nayaendeleza. Halfani anafika mwezini, anakuta ng'ombe wamekonda kwa kukosa pumba. Anawasagia. Ng'ombe wanashukuru, wanamrudisha duniani mgongoni, wanamshusha Kondoa mlangoni kwa wajukuu, kofia kichwani. Anaishi mpaka mwaka 2093. Nimemwachia na meno yote. Sikuwa nimepanga kumpa meno, kalamu ilikwenda yenyewe.

Jioni nikaisoma mashineni kwa sauti. Penye maneno magumu nilikwenda herufi kwa herufi. Watu wakangoja. Hakuna aliyenikatiza. Nilipofika 2093 Mwanahawa akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema, "Ahsante, shemeji." Fundi akakaza nati, mashine ikaunguruma, wanawake wakapiga vigelegele!

Halfani akasema sura ni ndefu mno. Lakini kope zilikuwa nyeupe tena.

Jumatano, 13 Novemba
Balaa. Halfani kaacha dawa za presha. Anasema 2093 bado mbali. Leo kapanda juu ya bati la kibanda cha mashine kupigilia misumari, kapandia dirishani bila ngazi, na umri ule! Anaimba!

Mwanahawa kanijia mbio. "Shemeji, wewe ndiye uliyempandisha, mshushe!"

Nimeandika ukurasa wa nyongeza nimesimama, karatasi nimeegesha ukutani kwake. Kwamba Halfani alifika 2093 kwa sababu alimeza dawa kila siku na hakukanyaga bati. Nikausoma kwa sauti ili asikie kule juu. Akaacha kuimba. Akauliza kama imeandikwa kweli au nasema tu. Nikamwonyesha karatasi.

Akaomba ngazi.

Ijumaa, 15 Novemba
Nimeapa mbele ya Yudith na Mwanahawa. Sitamwandika tena jirani yeyote aliye hai. Nimeshika Biblia, na Mwanahawa kanikazia macho mpaka neno la mwisho. Wanakuja watu kuomba niwaweke kitabuni. Mmoja anataka kiwanja, mwingine anataka mume. Nawafukuza wote. Ila kwanza nawasikiliza.

Jumamosi, 16 Novemba
Kitabu cha tano kimeanza! Na kiapo sijavunja. Ni sayari ya mbali sana, wanakopelekwa wanawake wanaowaingilia waume zao katika kazi ya uandishi. Wa kwanza kushushwa huko ni mama mmoja mfupi wa Nkuhungu, mpishi hodari wa mlenda. Huyu si jirani, maana anaishi humu humu ndani.

Yudith kasimama nyuma yangu, kasoma yote. Nikangoja kelele. Kauliza kitu kimoja tu, kama kwenye hiyo sayari maji ya bomba yanatoka kila siku.

Nikamwambia yanatoka usiku na mchana, mimi nikiumba sayari siumbi nusu nusu!

Sasa hivi yuko chumbani anafunga nguo. Kaniambia niharakishe sura ya pili, na nisithubutu kuandika kwamba anarudi.