Vibuyu vya Kuombea Kazi

Jumatatu, 6 Januari 1997

Leo nimestaafu kwa heshima zote. Shirika zima lilisimama mstari. Yule Mzungu wa ghala la mablanketi alinishika mkono huku machozi yakimtoka, akasema kambi ya Benaco haitapata tena mlinzi kama Anatoli.

Sawa. Uongo. Tuliachishwa kazi walinzi wote kwa pamoja, tumekaa juu ya matofali, na Mzungu alikuwa na mafua. Wakimbizi wa Rwanda wamerudi kwao tangu mwezi uliopita, wameondoka na mablanketi yao. Sasa nilinde nini? Mbu?

Theodosia, mke wangu, kapokea habari akimenya ndizi. Hakuinua hata kichwa. Kasema vizuri, migomba inataka samadi, na mgongo wangu umepumzika vya kutosha. Mimi! Mtu niliyevaa koti lenye vifungo vinavyong'aa! Nikirudi shambani bosi wangu atakuwa Theodosia, na bosi huyo hajui Jumapili wala sikukuu. Lazima nipate kazi. Haraka.

Jumanne, 7 Januari

Habari njema! Kule Lukole, kambi ya Warundi, ghala la mahindi linatafuta mlinzi. Mmoja tu. Anayechagua ni Frednand, mtoto wa Marsiana, yule mjane wa kilima cha pili. Nilimjua Frednand akikimbiza ndama bila kaptula. Kazi ni yangu!

Habari mbaya. Kazimili naye anaitaka. Huyu Kazimili ndiye aliyelinda lango la nyuma wakati mimi nalinda la mbele. Lango la nyuma! Lilikuwa limepigiliwa misumari. Mtu kalinda misumari, leo anajiita mzoefu.

Tatizo dogo: hawataki mzee. Nimevunja betri za redio, nikasaga ule mkaa wa ndani, nikachanganya na mafuta ya msaada, nikajipaka kichwani. Ndivyo tulivyopaka ubao shuleni, kabla mimi na shule hatujakubaliana kuachana. Nimejitazama kwenye kioo. Kijana! Theodosia kapita, kauliza mume wake kaenda wapi.

Jumatano, 8 Januari

Kutoka hapa mpaka Lukole ni vilima na jua. Sitaki kueleza sana. Frednand kaniamkia shikamoo, kisha kaniuliza kwa upole kama nyumba yangu imeungua. Mkaa ulikuwa umeshuka na jasho mpaka kwenye kola. Nikamwambia ndiyo, jiko limeungua, lakini tumeuzima moto. Kazimili, nyuma yangu kwenye foleni, kacheka mpaka akashika ukuta.

Frednand kasema jibu tutalipata Jumapili. Bado anafikiri. Anafikiri nini? Nywele?

Ijumaa, 10 Januari

Kazimili ni nyoka! Nimesikia kisimani kwamba juzi kapeleka kibuyu cha rubisi kwa Frednand. Kwetu mtu haombi jambo kwa mikono mitupu. Unapeleka pombe ya ndizi, na mwenye nyumba akishanyonya mrija, ombi lako limeshaingia tumboni mwake, litatokaje?

Yeye kapeleka kimoja. Mimi nitapeleka viwili! Vikubwa! Vyenye jani bichi la mgomba mdomoni! Theodosia atabeba cha pili, kavaa kitenge cha kanisani, wajue sisi ni watu wa adabu.

Theodosia kaniuliza kama nina hakika. Vibuyu viwili? Baba na mama? Nikamwambia afunge mdomo, haya ni mambo ya ajira. Kafunga. Kaenda kupiga pasi kitenge. Kwa nini anaimba?

Jumamosi, 11 Januari

Sijui nianzie wapi.

Tumeingia uani. Marsiana alikuwa anapepeta maharage. Kaona vibuyu, kaona kitenge, katupa ungo. Vigelegele! Wanawake wa kaya za jirani wakaja mbio. Mkeka ukatandikwa, tukakalishwa. Nikasema moyoni, kumbe ulinzi unaheshimiwa hivi! Nikatoa kifua. Frednand kaletewa mrija, kanyonya. Kanyonya tena. Nikasimama kuomba kazi yangu.

Sikufika mbali. Marsiana kanikatiza, anafuta machozi, anauliza ni mtoto wangu yupi anayemtaka binti yake, Anneth.

Yesu na Maria! Kibuyu kimoja ni ombi. Viwili, baba na mama pamoja, ni posa! Kila mtoto wa Ngara anajua. Mimi mwenyewe niliposewa Theodosia kwa vibuyu viwili. Kichwa kilijaa Kazimili, mila ikakosa pa kukaa. Nikamgeukia Theodosia. Anatazama mawingu. Anatabasamu.

Kurudisha haiwezekani, mrija umeshanyonywa. Nikivichukua nitakuwa nimemwambia mama mbele ya majirani kwamba binti yake hafai. Basi nikasema: Elick. Mwanangu wa pekee, fundi baiskeli kule Biharamulo. Hajui lolote, maskini.

Anneth katoka ndani. Muuguzi wa zahanati, mrefu kuliko mimi, amekataa wachumba mpaka wachumba wakaisha. Kapiga goti nusu, shikamoo baba, halafu kauliza kama huyo Elick anafua nguo zake mwenyewe. Nikasema anafua mpaka za jirani. Kanitazama sana. Kisha kachukua mrija, kanyonya.

Theodosia kacheka njia nzima. Anasema kamtaka msichana huyo tangu alipopata kipaimara. Angeniambia, ningebisha.

Jumapili, 12 Januari

Nimeamka nina akili! Frednand sasa ni mkwe. Nani humnyima mkwe kazi? Vibuyu viwili vimeshinda kimoja. Kanisani nilimkonyeza Kazimili wakati wa matoleo.

Baada ya misa Frednand kanivuta pembeni. Kaniita baba mkwe, kwa adabu zote. Kasema alikuwa ameshaamua kunipa mimi kazi. Mimi! Hata na ule mkaa! Lakini shirika haliruhusu mtu aajiri ndugu yake, na tangu jana sisi ni ndugu. Kazi kapewa Kazimili.

Kazimili kaja kunishukuru mwenyewe. Kasema bila mimi asingeipata. Kanyosha na mkono. Theodosia naye kanyosha wake, ulikuwa na jembe.

Jumatano, 15 Januari

Elick kafika kutoka Biharamulo, vumbi mpaka kwenye kope. Habari aliletewa na dereva wa lori, na dereva aliongeza chumvi. Kafoka. Kauliza kama yeye ni mbuzi wa mnada. Anasema hana mpango wa kuoa, mke hana vipuri. Theodosia kampa uji. Kaunywa, katoka amenuna, anakwenda kwa Marsiana kuvunja posa yeye mwenyewe. Mimi nimejificha kwenye migomba. Nikiwa humo humo, nimelazimishwa kumwaga samadi.

Jioni karudi anapiga mluzi. Posa vipi? Hajapata nafasi ya kuivunja. Alimkuta Anneth anahangaika na cheni ya baiskeli ya zahanati, kaifunga. Breki bado. Kesho itabidi arudi kwa ajili ya breki. Kaniomba sabuni.

Alikuwa anafua shati.

Jumamosi, 18 Januari

Jamani! Mzee Bizimana wa Nyakisasa kaja na mbuzi. Kasikia kuna mtu kaingia kwa Marsiana na katoka na Anneth kwa siku moja tu. Anataka nikamsemee kijana wake, nami nitapewa paja na pombe ya kunitosha. Kumbe nina kazi! Mshenga! Nakaa kivulini, nasema maneno, nakula. Kwa nini sikuachishwa mapema?

Theodosia kasema hata yeye hakutegemea, lakini hii kazi inanifaa: mdomo ninao.

Jumapili, 19 Januari

Safari ni kesho. Nimepeleleza. Baba wa msichana tunayekwenda kumposa anakaa Rusumo, na unajua kazi yake? Ndiye anayechagua walinzi wa uwanja wa malori! Malori! Lango la chuma! Koti jipya! Kazimili akipita na lori la mahindi nitamsimamisha, nimuulize majina yake yote.

Basi: vibuyu viwili vya Mzee Bizimana, vya posa. Nimeongeza cha tatu. Changu binafsi, cha ajira. Nitavitanguliza vyote kwa pamoja, nitaeleza katikati ya maneno.

Theodosia kaniuliza kama ninajua vibuyu vitatu hupelekwa kwa shughuli gani. Nikamwambia afunge mdomo. Kafunga. Anapiga pasi kitenge.

Theodosia, najua unachungulia humu nikienda chooni. Nimekuletea mkwe uliyemtamani miaka yote, bado unanidai? Hapana, mimi ndiye ninayekudai. Mzee Bizimana atabeba kimoja, mimi nitabeba kimoja. Nibebee hicho cha tatu.